Vigoda Viwili vya Mzee Zorobabel

Wasikilizaji wapendwa, salamu kwenu popote sauti hii inapowafikia. Salamu Butembo, ambako ukungu bado umelala juu ya vilima. Salamu Beni, ambako najua jua limeshawatoa ndani. Mwenye chai asiache ipoe. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlipita mbele ya mlango wake, wala hamkumjua.

Jina lake Zorobabel Mathe. Alizaliwa Masereka, akaishi Beni, akafia Butembo. Narudia kwa aliyewasha redio sasa hivi: alizaliwa Masereka, akaishi Beni, akafia Butembo. Kutoka Beni mpaka Butembo si mbali. Mtu wa pikipiki huimaliza njia hiyo kabla chai ya asubuhi haijatoka tumboni. Lakini kwa Mzee Zorobabel njia hiyo ilirefuka mpaka ikamshinda.

Alishuka Beni akiwa kijana, akitafuta ardhi. Akapata shamba, akapanda kakao. Akajenga nyumba ya mbao katika komini ya Ruwenzori, mtaa mmoja wa Beni, akamwoa Anne-Marie. Hawakujaliwa mtoto. Hata hivyo kwao hapakukosa watu, kwa sababu nyuma ya nyumba alijenga kyaghanda. Wazee wananielewa. Vijana, sikilizeni: kyaghanda ni kile kibanda cha moto ambamo wanaume wa jirani hukutana jua likipungua. Kila nyumba huleta sahani yake, na wote hula pamoja. Mwenye nyama na mwenye sombe ya majani ya muhogo mikono yao hukutana katika bugali mmoja. Siku yako ikiwa mbaya, unakula ya mwenzako, na hakuna anayekuangalia usoni.

Mzee Zorobabel alikuwa na utani wake mmoja. Rafiki yake Onésime akichelewa tu, alimwita kwa sauti juu ya ua:

«Onésime, unakula wapi leo? Ao ulishakuwa tajiri, unafunga mulango juu ya kula?»

Watu walicheka. Onésime alikuja anakimbia, sahani mkononi. Hakuna aliyetaka kuitwa tajiri anayejifungia ili ale peke yake. Kumbukeni utani huo, wasikilizaji wapendwa. Utarudi.

Kisha ikaja ile miaka ya vita na mauaji, ambayo Beni haihitaji kuelezwa. Watu wakaacha kwenda shamba. Kakao ikapanda bei, na mwenye kakao hakuweza kuifikia. Iliivia mtini, ikaozea mtini, na mahali pengine ikachumwa na mikono isiyoipanda. Anne-Marie akaugua, akafa, akazikwa hapohapo Beni. Katika kyaghanda sahani zikapungua. Huyu alihamia kwa mwanawe, yule akaenda kutafuta kazi. Siku moja Zorobabel na Onésime walijikuta wawili tu mbele ya moto. Baada ya hapo Onésime akapata kibarua cha kusindikiza malori, akawa mtu wa barabarani.

Mzee Zorobabel akafunga nyumba yake, akaja Butembo.

Butembo mnaijua. Ni mji wa biashara. Etaji juu ya etaji, yaani majumba ya ghorofa, vioo vya buluu, vigae vinavyong'aa, na chini yake mama anauza ndizi juu ya gunia. Mfanyabiashara mmoja aitwaye Vagheni alikuwa amejenga etaji kubwa kilimani, kisha biashara ikamchukua nchi za nje pamoja na familia yake. Alitaka mzee mwaminifu, mtu wa kanisa, wa kulinda nyumba. Akampa Zorobabel kichumba kando ya lango, na koti lake zito kwa ajili ya baridi. Akampa na amri moja: lango lifungwe, asiingie mtu.

Basi mtu aliyekula na watu maisha yake yote akaanza kula peke yake, nyuma ya ukuta. Juu yake vyumba vitupu, vitanda vimefunikwa, meza ndefu ambayo haijawahi kuona bugali. Kushoto na kulia kuta nyingine, na walinzi wengine wenye amri ileile. Magari yalipiga honi, malango yakafunguka, yakafungwa. Watu wa etaji hawakumsalimu, kwa kuwa alikuwa sentinele, mlinzi tu.

Aliyemsalimu ni Mama Emérence, yule muuza ndizi wa mbele ya lango. Na ni yeye aliyempiga picha kwa simu, mwezi wake wa kwanza kazini. Mzee alisimama kwenye ngazi za marumaru, koti la patro wake Vagheni mabegani, kidevu juu. Mzee akaituma picha hiyo kwa dada yake Kavugho kule Beni, ili dada yake asilie kwa ajili yake. Hakuandika uongo wowote. Hakuandika neno hata moja.

Ile picha ikatembea simu kwa simu. Avenyu nzima, mtaa wake wa zamani, ikaiona. Na watu wa Beni wakaelewa walivyoelewa.

Mama Kavugho ametuambia hivi: «Tuliona ile foto, tukasema, yaya yetu, kaka mukubwa, alishafika. Ni mutu ya etaji sasa. Hatukutaka kumusumbua na mashida yetu. Akipiga simu nilimuuliza, yaya, uko muzima? Anasema, niko sawa. Miye pia nasema, niko sawa. Njo ivyo tu.»

Wasikilizaji wapendwa, huku mlangoni alikuwa mlinzi, kule kwao alikuwa tajiri. Huku hawakuingia kwa sababu ni mdogo, kule hawakuja kwa sababu ni mkubwa. Naye mzee, aliyezoea kugawa, hakupata kinywa cha kusema kwamba nyumba ile si yake na kwamba anakula peke yake.

Lakini hakukubali kushindwa. Alimwendea seremala, akatengenezewa vigoda viwili. Na kila Jumapili, baada ya ibada, alifanya jambo ambalo patro alilikataza. Katika lango lile kuna mlango mdogo, wa mtu mmoja. Aliufungua, akauegesha kwa jiwe. Akawasha mbabula, jiko lake la makaa, akapika maharagi na bugali wa watu wawili. Akaweka kigoda huku, kigoda kule, sahani katikati. Akangojea.

Mama Emérence alimuuliza anangojea nani.

«Mutu wa Beni,» akajibu. «Yeyote. Barabara iko wazi, Jumapili mutu anaweza kufika.»

Alimkaribisha yeye pia. Mama Emérence anasema alikataa. «Miye ni mujane. Kuingia kula na mwanaume ndani ya parseli, kiwanja ya patro, batu batasema nini? Nilimupitishia ndizi pa mulango tu. Akapokea, akasema aksanti, akazigawanya mafungu mbili. Fungu moya akaiacha.»

Na mtu wa Beni alifika. Hilo Mzee Zorobabel hakulijua mpaka kufa. Onésime alipita Butembo na lori, siku ya kazi, mlango mdogo umefungwa. Alisimama mbele ya lango lile la chuma, akatazama juu, akaona vioo. Kisha akatazama chini.

«Niliona viatu vyangu,» anasema Onésime. «Matope tupu. Nikakumbuka alikuwa anatucheka: ulishakuwa tajiri, unafunga mulango juu ya kula? Nikasema, kumbe leo ni yeye. Sikupiga hodi. Nilirudi pa lori.»

Ukuta ulikuwa katikati yao tu, wasikilizaji. Mzee alikuwa ndani, labda anafagia.

Jumapili moja ya mwezi uliopita, mlango mdogo haukufunguliwa. Mama Emérence aliacha ndizi zake, akagonga kwa jiwe. Akaita jirani, wakapanda ukuta. Walimkuta kitandani, amelala kama mtu anayepumzika. Koti limetundikwa. Maharagi yameloweshwa kwenye sufuria, ya watu wawili.

Walipompigia patro Vagheni huko aliko, alisema: «Fungueni lango yote. Batu baingie. Ile nyumba nilijenga, lakini yeye njo aliishi mule. Miye sijalalaka hata usiku moya.»

Ndivyo lango lile lilivyofunguliwa pande zote mbili, mara ya kwanza. Beni ikaja kwa pikipiki na kwa lori la Onésime. Wakakaa uani, wakapika juu ya mawe mahali pa magari. Watu wa etaji walichungulia kwenye balkoni zao, wengine wakateremka. Watu wote wa kilio kile walikula pamoja.

Mama Kavugho aliingia kichumbani akavitoa vile vigoda. Kimoja kilikuwa laini, kinang'aa kwa kukaliwa. Kingine kilikuwa na miba ya mbao, kama kilivyotoka kwa seremala. Akamwita Onésime, akamwekea kile chenye miba.

«Kaa,» akamwambia. «Hiki ni chako. Umechelewa.»

Onésime akakaa. Hakuna aliyecheka.

Mzee Zorobabel Mathe amelala sasa Beni, kando ya Anne-Marie. Alizaliwa Masereka, akaishi Beni, akafia Butembo, na Beni wamemrudisha. Kwako Mama Kavugho, kwako Onésime, kwa Mama Emérence na kwa patro Vagheni huko mbali, redio hii inawapa pole. Mungu awafute machozi, na ampumzishe mzee wetu mahali pasipo lango.

Nasi tuliobaki tujiulize. Nani katika ukoo wetu tumeacha kumtembelea kwa sababu tuliona picha yake? Na nani anatungojea huku tunatazama viatu vyetu? Leo ni Jumapili, wasikilizaji wapendwa. Ibada ya asubuhi imekwisha, maharagi yako motoni. Usiogope ukuta. Piga hodi.