Pijo ya Marehemu Imekataa Kuwaka

Kijiwe cha kahawa cha Fridah kiko nyuma ya soko la Kitale, ubavuni mwa duka la spea kuukuu, na benchi yake imeegemezwa kwa tofali upande mmoja. Wazee wa pale wakikosa la kubishania hubishana kama kahawa ya jana ilikuwa na tangawizi. Siku hiyo neno halikukosekana. Mbele ya benchi ilisimama Pijo stesheni wagoni ya zamani, nyeupe pepepe, imetoka kupakwa rangi jana yake, boneti juu. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na suti nyeusi ndani ya mfuko wa nailoni. Suti ilikuwa ya Jairus, na Jairus mwenyewe alikuwa Bungoma, mochari, akiingoja. Kabla hajafa alikuwa amesema wazi mbele ya watu: nguo anunue kaka yake mkubwa, na gari la kumpeleka nyumbani liwe Pijo lake hilo hilo, wasimpakie kwenye gari la mtu mwingine. Kaka mkubwa ndiye Wakhungu, aliyekuwa ameshika usukani huku jasho linamtiririka na jua bado changa. Mazishi yalikuwa mchana wa siku hiyo hiyo.

— Washa tena, mzee, — alisema Fyuzi.

Fyuzi ni Kipngeno, mwenye lile duka la spea. Hakosi fyuzi mfukoni, hata akienda kanisani.

Wakhungu akazungusha ufunguo. Ka! Basi. Taa za dashibodi ziliwaka vizuri, redio ikaendelea kutangaza bei ya mahindi, lakini injini haikujigeuza hata kidogo.

— Mmesikia hiyo ka? Hiyo ni betri, — alisema Silabasi, akiweka kikombe chini.

Huyu ni Levi Sifuna, mwalimu mstaafu. Walimpa hilo jina kwa sababu hawezi kujibu swali bila kuanzia darasa la kwanza.

— Betri gani bana, na taa zinawaka? Mzee, hebu piga honi.

Honi ililia mpaka Fridah akamwaga kahawa ya mteja.

— Haya. Betri imekufa na inalia hivyo?

— Sikusema imekufa, Fyuzi. Tuanze mwanzo. Umeme ni nini?

— Ngai! Mwalimu, kuna maiti inangoja!

Aliyepiga kelele ni Kabiru, muuza viazi, anayeitwa Askofu kwa sababu huombea kila kitu, hata mizani yake. Lile neno maiti lilimfanya Wakhungu aachie ufunguo. Fridah alimtolea Askofu macho makali.

— Marehemu, — Askofu akajirekebisha. — Nisamehe, mzee. Ulimi tu.

— Sawa, — alisema Wakhungu. Haikuwa sawa hata kidogo.

Simu ikalia. Ni Phelista, dada yao, aliyekuwa Bungoma tangu jana. Benchi yote ikatega sikio.

— Ndugu yangu, umefika wapi? Watu wa mochari wanauliza nguo.

— Niko njiani, — alisema Wakhungu. — Nimetoka.

Alikata simu akabaki anaitazama. Hakujua kwa nini alidanganya. Wenzake walitazama vikombe vyao kwa heshima, kisha wakairudia gari kwa hasira mpya.

Silabasi aliomba maji moto kwa Fridah akaosha vichwa vya betri mpaka ule unga mweupe ukaisha. Ka! Fyuzi akamwaga fyuzi zake zote kwenye kiti, akabadilisha moja moja, hata ya wipa, na mvua haikuwepo. Ka! Askofu akaingia chini ya gari na spana kubwa, akaigonga stata, ile mota ya kuzungusha injini, huku anakemea kwa jina la Yesu. Ka! Wakaisukuma mpaka karibu na posta. Ilikohoa mara moja, moshi ukatoka, wanawake wa mboga wakashangilia, halafu ikanyamaza. Wakairudisha kwa mikono, wamelowa jasho.

— Ni panya, — alisema Askofu, akihema.

— Panya gani?

— Hii gari ililala wapi Jairus akiwa hospitali? Si kwa stoo ya mahindi ya mzee? Panya wa Trans-Nzoia wanakula waya kuliko mahindi. Mimi walinilia redio, ikabaki stesheni moja tu, ya Kiluo.

— Askofu, panya akikula waya, taa zitawaka?

— Panya anachagua.

— Ati anachagua!

— Si panya, — alisema Silabasi. — Ni baridi ya Mlima Elgon. Umande unashuka usiku, unaingia kwa stata, unakaa. Hii gari inataka kuanikwa.

— Uanike gari?

— Tuliwahi kuanika lori ya shule, wewe. Asubuhi mpaka saa sita. Iliwaka.

— Iliwaka kwa sababu dereva alikuwa amelala, akaamka!

Wakacheka. Wakhungu naye akacheka kidogo, halafu akaona aibu, maana ndugu yake amelala kwenye jokofu na yeye anacheka mambo ya lori. Lakini kulikuwa na kitu kibaya kuliko kicheko. Kila ufunguo ulipolia ka, kifua chake kilikuwa kinalegea. Alitaka kukasirika kama wenzake, hasira ikakataa kuja.

Simu tena.

— Umefika wapi sasa?

— Tumepita Kiminini.

— Kiminini tu? Saa hizi? Mchungaji ameshafika nyumbani. Wamechimba wamemaliza, Wakhungu.

— Barabara ni mbaya. Nakuja.

— Kahawaaa! Nani bado hajaongezwa? — Fridah alipaza sauti kutoka kwa birika, kisha akafunika mdomo, amechelewa.

Phelista akakata simu. 

— Woi, mzee, pole, — Fridah alisema. — Nilisahau.

— Hakusikia, — alisema Wakhungu. — Fyuzi, tufanye nini?

— Tuwashe mara ya mwisho, lakini ushikilie ufunguo usiachilie. Na uvute choki yote. Hii Pijo bila choki haikuelewi.

Wakhungu akashika kile kitufe cha choki kwa vidole viwili, akazungusha ufunguo, akashikilia. Ka-ka-ka. Mara akaruka kwenye kiti, mkono mdomoni.

— Imenichoma!

— Nini imekuchoma?

— Choki! Choki imekuwa moto!

Waligombania mlango. Silabasi akagusa, akauondoa mkono haraka. Fyuzi akagusa. Ilikuwa kweli. Kile kitufe, ambacho ni waya tu ya chuma inayoenda kwa kabureta, kilikuwa moto mpaka huwezi kushika. Askofu hakugusa. Alirudi nyuma taratibu, akavua kofia.

— Mimi sisemi kitu, — alisema.

— Basi usiseme.

— Lakini si mnaona wenyewe? Gari ya mtu, mtu hajazikwa, inachoma mkono wa ndugu yake. Jairus amekasirika.

— Askofu, koma! — alisema Fridah.

— Nauliza tu! Mzee, nani alikuambia ubadilishe rangi? Jairus gari yake ilikuwa ya buluu. Miaka yote ni ya buluu. Sasa unamletea nyeupe. Atajuaje ni yake?

Hakuna aliyecheka. Wakhungu aliitazama ile boneti nyeupe. Alikuwa ameipeleka gari kwa fundi wa rangi kwa moyo mzuri, kwa sababu buluu ile ilikuwa imechubuka, kutu inaonekana, na hakutaka watu wa Bungoma waseme Jairus alibebwa na mkweche. Alimwambia fundi apake kila mahali, nje na ndani ya boneti, aoshe injini, afungue kila kitu kinachofunguka. Siku ya rangi ilikuwa siku pekee tangu msiba aliyokula akashiba. Sasa anaambiwa ndiyo kosa.

— Nilitaka apendeze, — alisema.

— Mzee, usimsikilize, — alisema Fyuzi, lakini uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa anaangalia ndani ya boneti. — Ngoja. Ngoja kwanza. Mwalimu, ile hadithi yako ya “umeme ni nini”. Ianze.

— Sasa ndiyo unataka?

— Ianze, bana!

— Umeme unatoka kwa betri, — alisema Silabasi, akinyoosha mgongo kama yuko darasani, — unafanya kazi, unarudi kwa betri. Usiporudi, hakuna kazi. Darasa la kwanza.

— Na ukifungiwa njia ya kurudi?

— Utatafuta nyingine.

— Utapitia kwa choki, — alisema Fyuzi polepole. — Kawaya kadogo vile, kakabebeshwa umeme wa stata yote. Lazima kachome! Taa zinawaka kwa sababu ziko upande wa bodi. Injini ndiyo imekatwa. Askofu, leta zile waya nene za jampa, ziko nyuma ya mlango!

Askofu alikimbia, kofia bado mkononi. Fyuzi akashika ule waya mweusi, akabana kichwa kimoja kwa betri, upande wa kurudia, kingine moja kwa moja kwa chuma cha injini.

— Washa!

Pijo ilinguruma. Iliwaka kwa kishindo, moshi mweusi ukamfunika Silabasi, na kuku wa jirani wakatawanyika. Wote walipiga kelele pamoja. Askofu alimkumbatia Fyuzi. Halafu wakazima, Fyuzi akafuata kwa kidole ule mkanda wa waya unaounganisha injini na bodi, akafika kwa bolti yake.

— Si hii hapa! Fundi alifungua, akapaka rangi mahali pa bolti, akafunga juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme. Nyeupe safi kabisa, lakini haipitishi.

Walikwangua kwa kisu cha Fridah cha vitunguu mpaka chuma kikang'aa, wakakaza bolti, wakaondoa jampa. Fyuzi mwenyewe akaingia akawasha. Ilishika mara ya kwanza, ikatulia, ikaimba. Silabasi alieleza kwamba ndivyo alivyosema tangu asubuhi. Askofu alieleza kwamba hakusema ni panya, alisema inaweza kuwa panya. Fridah akamimina kahawa ya mwisho bila kuuliza pesa.

Hapo ndipo alipokuja Linah, mwanamke wa Kachibora, na balbu ya taa ya pikipiki iliyoungua mkononi, kumtafuta Fyuzi. Akasimama kando, akaangalia gari inanguruma, mlango wazi, suti nyuma. Akaangalia watu.

— Hamjambo? Hii gari ndiyo ya kwenda msiba?

— Ndiyo hii, — alisema Fyuzi kwa fahari. — Ilikuwa imekataa. Tumeitengeneza.

— Na dereva ni nani?

Wakamwonyesha Wakhungu. Alikuwa ameketi kwenye benchi, kikombe mikononi, hanywi. Hakuna aliyekumbuka ameketi lini.

— Kama imewaka, — Linah aliuliza, bila ubaya wowote, — mbona mzee amekaa?

Fyuzi alirudi kukaza bolti iliyokwisha kukazwa. Silabasi, mwenye jibu la kila kitu, aliangalia tofali la benchi. Askofu alitaka kusema kuna jambo la kiroho, akaona uso wa Wakhungu, akaacha. Injini iliendelea kunguruma.

Wakhungu aliweka kikombe chini. Alijua. Alijua tangu ka ya kwanza. Moyoni mwake Jairus alikuwa bado mgonjwa tu, mpaka ile suti ifike. Ikishafika, mtu atamvalisha, na Wakhungu atalazimika kusimama pale aone mikono ya mdogo wake inainuliwa na watu, inaingizwa kwenye mikono ya koti. Aliogopa. Mtu mzima na mvi zake, aliogopa mpaka akafurahia gari kuharibika. Akachukua simu.

— Phelista. Sikiliza. Sikuwa Kiminini. Niko Kitale. Sijatoka.

Phelista akajibu: 

— Najua. Nilimsikia Fridah akiita kahawa.

— Kwa nini hukusema?

— Ningesema nini? — Phelista alianza kulia, kwanza kidogo, halafu bila kujizuia. — Wananiita tangu asubuhi niingie nimtambue. Nawaambia namngoja kaka yangu, yuko Kiminini. Kila ukisema uko mbali, nashukuru Mungu. Siwezi kuingia peke yangu, Wakhungu.

 Askofu, aliyesikia yote kwa sababu simu ilikuwa na sauti kubwa, alimwendea Wakhungu akamshika bega, safari hii bila maombi.

— Usiingie, — Wakhungu alisema. — Kaa hapo nje. Tutaingia pamoja.

Akainuka, akapita kati yao, akaingia kwenye gari na kufunga mlango.