Breki Alipobaki Peke Yake

Mheshimiwa Diwani, Mzee Harbans na jamii yako yote, ndugu wageni waalikwa, nanyi wasomaji wetu mliotoka Elburgon na Section 58, hamjambo?

Mimi ni Ephantus, mwandishi wa Kikosi cha Menengai. Mzee Harbans, mpiga chapa wetu, anastaafu leo, na mashine iliyochapa jarida letu la katuni inatafutiwa mnunuzi. Nani hapa hakumpenda Mama Msumeno, mpasua mbao mwenye nguvu za ajabu? Nani hakumcheka Breki, yule dereva wa Salgaa aliyekimbia kushinda upepo na kujisifu kushinda redio? Kila toleo lilianza vilevile. Breki anaingia na kusema, "Niaje, wazee? Bingwa amefika." Na Mama Msumeno, bila kuinua macho, anamjibu, "Poa. Funga mlango."

Mwaka jana tukaingiwa na tamaa, tukampa kila shujaa jarida lake. La Breki lilirudi kwa mafurushi bila kununuliwa. Tulilaumu karatasi, tukalaumu rangi, mpaka Tabby wa kibanda cha magazeti akaniambia, "Ephantus, huyu anasema niaje, halafu? Kwani anasalimia nani?"

Nilinuna, lakini alisema kweli. Majivuno ya Breki yalikuwa matamu kwa kuwa palikuwa na mtu wa kumkata maneno. Peke yake akawa mtu wa kujisifu tu, na Mama Msumeno akawa mama mkali asiye na wa kumkaripia. Sisi tulidhani mnapenda nguvu zao, kumbe mlipenda zile kelele za watu wa nyumba moja.

Halafu ikaja Januari hii na ghasia zake za baada ya uchaguzi. Siwezi kuisimulia. Mchoraji wetu, Kiptanui, alihamia Eldoret, mimi nikabaki Nakuru. Nimemkosa sana, nasema bila aibu. Tangu hapo naandika peke yangu, naye nasikia anachora peke yake, na hakuna anayecheka, si huku wala kule.

Kiptanui, nakuona hapo karibu na dirisha. Sikuombi usahau yaliyokupata mjini hapa. Naomba tukutane Salgaa, si kwako wala si kwangu, tuwarudishe mashujaa wote katika jarida moja. Mzee ameniambia ukikubali, mashine haiuzwi. Binti yake ataiendesha. Ukikataa, nitakuelewa, na urafiki wangu utabaki palepale.

Mzee Harbans, umetubeba miaka yote hii, Mungu akuzidishie.

Naona Kiptanui anasimama. Ndugu zangu, asanteni kwa kunipa sikio. Sasa mpeni yeye.