Nani Amezima Stima Yetu?

Akina mama wa chama, hamjambo? Mwenyekiti ameniambia nisimame niwatie moyo. Nitajaribu, lakini nimesimama na hasira na sitaificha, kwa sababu Mungu mwenyewe anaijua.

Mnajua nauza nduma na mboga hapa Manyatta, na nimepanga chumba kwa ploti ya mtu fulani. Jina sitaji. Mwaka jana nilimleta mama yangu kutoka Siakago atibiwe macho pale Embu. Daktari alisema asikose kliniki hata mara moja, la sivyo atakuwa kipofu.

Shida ikawa stima. Nanunua tokeni, na kabla wiki haijaisha mita imeanza kulia. Nikamwendea mwenye nyumba. Unajua alinijibu nini? "Mama, nyinyi wapangaji hamjui kusevu. Zima taa! Wacha pasi!"

Ndugu zangu, nikamwamini. Pasi nikaacha, watoto wakaenda shule na sare zimekunjamana. Redio nikauza. Balbu tukabaki nayo moja. Na tokeni zikaisha vilevile.

Hapo ngoja niseme kitu. Maskini akilalamika, kila mtu anageuka mwalimu. Punguza hiki, acha kile. Hata kwa hiki chama kuna mtu aliniambia pengine nalala na taa ikiwaka. Usiangalie chini, nishakusamehe. Lakini hakuna aliyeniuliza kama naibiwa. Hakuna! Kwani maskini haibiwi?

Mama akaona navyohangaika. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, nirudishe nyumbani. Mimi nakula stima yako."

Anakula stima! Mtu ambaye hata swichi alikuwa anaitafuta kwa kupapasa ukuta. Nikakataa. Basi nikienda sokoni akawa anakaa gizani, kimya, asije akanigharimu. Jioni moja akajikwaa kwa stuli, akaanguka, akavunjika mkono.

Kesho yake mchana tukatoka hospitali, mkono una plasta, na mimi nawaka. Ndani hakukuwa na kitu chochote kimewashwa. Lakini nikasema, kama hii stima ndiyo inataka kuniulia mama, basi isiingie kabisa. Nikaivuta chini ile swichi kubwa ya kando ya mita.

Upande wa pili wa ukuta ni duka la mwenye nyumba. Friji yake ya soda ikanyamaza. Halafu nikasikia bibi yake akipiga kelele, "Nani amezima stima yetu?"

Yetu! Nikawasha, friji ikanguruma. Nikazima, ikanyamaza. Nikawasha tena, nikazima tena, mpaka mama akaniuliza nimeingiwa na nini. Nikamwambia, "Mama, anayekula stima nimempata."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa nyuma ya ukuta, na bado kilikuwa kinanifundisha kusevu!

Nilipomuuliza mwenye nyumba, alisema ni makosa ya fundi. Halafu akaniambia kama sijaridhika nihame. Nihamie wapi na mama mwenye plasta, na kliniki bado hajamaliza? Nilirudi ndani nikalia.

Ni nyinyi mliniinua. Mlifunga vibanda vyenu siku ya soko, mkaja mkasimama nami kwa mlango wa duka lake, wateja wakiangalia. Hamkutukana mtu. Mlisema tu hamtoki mpaka fundi aje. Fundi akaja, akakata waya uliokuwa unatoa stima kwa mita yangu kupeleka dukani, mbele yetu sote, na kodi nikapunguziwa, mwenyewe akinuna. Sasa tokeni zinanifikisha mwisho wa mwezi. Mama alimaliza kliniki, na anaona. Juzi aliniangalia sana akasema, "Kumbe umezeeka hivi!"

Asanteni, kutoka moyoni. Mkono wake ulipona ukapinda, na hilo sijamsamehe yule mtu. Mniombee.

Kusevu ni kuzuri, sikatai. Lakini leo ukifika nyumbani, kabla hujamgombeza mtoto kwa sababu ya balbu, zima ile swichi kubwa. Halafu tulia, usikie nani atapiga kelele.