Tupa ya Kaka Obadiah Mghanga

Wazee wetu, mama zetu, mchungaji na ndugu wote mliopanda hadi hapa Mbololo, mimi ni Danson, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma, na kusoma kwenyewe nimekupata kwa jasho lake.

Kaka yangu Obadiah Mghanga alizaliwa hapa hapa mwaka wa njaa kuu, 1884, siku yenyewe mama hakuikumbuka, maana wakati ule watu walihangaikia chakula, si tarehe. Shule hakusoma, nilisoma mimi. Baba alipofariki mwaka 1908, Kaka alishuka Voi kutafuta kibarua kwenye shamba la mkonge ili mimi nipelekwe misheni, na huko langoni akasimama miaka kumi na tisa.

Nasema langoni kwa sababu hakuajiriwa. Kila alfajiri nyapara alinyoosha fimbo, wewe, wewe na wewe, aliyenyooshewa akapata kazi ya siku ile, aliyerukwa akarudi mikono mitupu, na jina la mtu hakuna aliyeliuliza. Wenye majina walikuwa watu wa mwezi, walioandikwa kitabuni na kulipwa kila mwezi. Kaka alikuwa fundi wa kunoa visu vya kukatia mkonge, alinoa kwa tupa yake mwenyewe, na siku aliyorukwa aliondoka nayo kwapani, wakataji wakashinda wakihangaika na visu butu. Wenzake walimwomba awafundishe, akakataa, wakamwita mchoyo. Hakuwa mchoyo, aliogopa, kwani wote wakijua, nyapara angemnyooshea fimbo kwa lipi? Hata shamba lake hapa juu liliota magugu, maana mvua ikinyesha hakuthubutu kuliacha lango hata siku moja, shemeji akalima peke yake. Samahani shemeji, nimelisema.

Alimwoa shemeji yangu huyu, Priscilla Wakesho, Agosti 1909, wakabatizwa pamoja Pasaka ya mwaka 1913, wakajaliwa Tryphena, Elijah na Lois. Kila Jumamosi alipanda na sukari guru, ameifunga kitambaa kimoja na tupa, na watoto wake hadi leo husema sukari isiyonuka chuma si sukari. Mwaka 1916 alichukuliwa kubeba mizigo ya vita hadi Salaita, huko akapewa namba, bado si jina.

Kifua kilimshika Novemba 1927. Wiki zikapita bila yeye, kazi ikalala, ndipo nyapara akauliza kwa mara ya kwanza yule mnoaji anaitwa nani, na Januari ujumbe ukafika kwamba Obadiah Mghanga aje aandikwe mtu wa mwezi. Hakuweza tena kuinuka. Alilia, nami nililia. Kisha akamwita Donald Mwandoe, kibarua mwenzake mwenye watoto watano, akamfundisha siku nne akiwa kitandani, akampa na tupa. Donald ameandikwa. Kaka alitutoka Jumanne, tarehe 14 Februari 1928, saa tatu asubuhi.

Tunamshukuru tabibu wa misheni, majirani waliomsaidia shemeji kulima Kaka alipougua, Mzee Bwanaheri wa Voi aliyempa baraza ya kulala miaka yote bila kudai kitu, na ninyi vibarua wenzake mliopanda leo, kwani najua aliyekuja hapa amekosa kazi ya leo.

Kaka Obadiah Mghanga, jina lako nimelisoma mbele ya watu wote. Lala sasa, kesho hakuna kuwahi lango.