Kufuli Kwenye Kompyuta ya Zahoro

Sikusimuliwa. Sikutumiwa kwenye simu. Nilikuwepo mwenyewe, nimekaa mwisho wa benchi pale penye msumari, na kikombe mkononi. Shule niliishia darasa la sita, tena hilo la sita nililiaga kabla ya mtihani, lakini macho yangu haya yamehitimu. Benchi lenyewe liko Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, chini ya dirisha la Zahoro, muuza spea za pikipiki. Sisi tunamwita Injinia, kwa sababu mwaka mmoja alitengeneza feni ya msikitini ikazunguka. Ilizunguka kinyume na ikawavua watu kofia, lakini ilizunguka.

Jumamosi hiyo, robo saa kabla ya saa nne asubuhi, Zahoro aliweka kompyuta yake dirishani, kioo kikitazama nje ili benchi zima lione. Usoni alikuwa anacheka. Macho yalikuwa hayaondoki kwenye saa. Mkwewe, Bi Khairunnisa, mama wa mkewe Nasreen, mwalimu wa chuo cha Kurani kule Ilala, alikuwa aonekane saa nne kamili kwenye kipindi cha mapishi, chaneli ya kulipia. Mwenyewe mama yule alikataa kujitazama, anaona haya. Nasreen alikuwa zamu hospitali. Basi mama akampa Zahoro kazi moja tu: “Baba, wewe ndiye macho yangu. Kipindi kikiisha nitapita kwako, unieleze nilivyoonekana.”

Na mkwe, kama mnavyojua, haambiwi hapana.

Tatizo ni kwamba wiki iliyotangulia Zahoro alikuwa amemgawia kaka yake wa Kigamboni televisheni na king'amuzi chake. Kisha akapita akiutangazia mtaa mzima kwamba televisheni ni fanicha ya wazee, yeye sasa waya wa kebo anauchomeka kwenye kompyuta na dunia yote inaingia. Jirani yake Evelyn, mama wa chapati, alimwambia karibu utazame kwangu. Zahoro akamcheka. Akamwambia ile televisheni yake aifugie kuku.

Waya uliingia kweli. Chaneli za bure zikafunguka, mhubiri huyu, tangazo la sabuni lile. Ilipofika ya mapishi, kioo kikawa cheusi tii. Katikati kufuli dogo. Chini yake jina la kipindi, saa nne hadi nne na nusu, na mstari wa kijani unaotambaa kuonyesha muda unavyokwenda. Sauti hamna.

— Inapasha moto, — alisema Zahoro.

— Injinia, hilo ni kufuli, — alisema Godbless. Huyu tunamwita Wizara. Aliwahi kuwa tarishi kwenye wizara moja, miezi minane, na tangu hapo hakuna jambo la serikali asilolijua.

— Kufuli la urembo tu, kaka. Kompyuta zote za kisasa zinalo.

— Sikiliza nikwambie. Picha zote za nchi hii zinapita kwanza kule ofisini. Kuna jamaa amekaa na meza yake, anazichambua kama mchele. Safi anaachia, yenye mchanga anafunga. Leo Jumamosi, jamaa hayupo kazini. Basi imefungwa.

— Mbona mhubiri kapita?

— Mhubiri alichambuliwa Ijumaa.

Salem alicheka mpaka kashata ikamkwama. Salem anauza vitambaa, Mwarabu wa hapa hapa, babu yake kazaliwa Msimbazi. Tunamwita Dubai, kwa kuwa alikwenda kule siku tisa na mpaka leo hajamaliza kuzisimulia.

— Acheni fiksi, — alisema Salem. — Mimi nimeona kule walivyo. Picha inakatwakatwa vipande mnarani, kama nyama ya sambusa, halafu inavurugwa. Kompyuta hapo ilipo imeshapokea vipande vyote. Haijui tu kipi kianze.

Zahoro akamtazama kwa matumaini. Kwa mara ya kwanza Salem alikuwa amesema kitu kinachofanana na akili.

— Sasa nani anaiambia kipi kianze? — aliuliza.

— Baridi.

— Baridi?

— Dubai kompyuta haikai kwenye joto hata dakika moja! Ukiiweka kwenye baridi inatulia, inapanga vipande vyake polepole. Hii yako umeiweka juani, imechanganyikiwa. Hata wewe ungechanganyikiwa.

Muaz, muuza kahawa, alikuwa ameinama anachochea mkaa wa birika lake. Mtu wa maneno machache sana.

— Zahoro, — alisema. — King'amuzi si kilikuwa na kikadi cha kulipia ndani?

— Kilikuwa nacho.

— Kiko wapi?

— Kimo humo humo. Kigamboni. Mambo ya kadi yamepitwa na wakati, mzee wangu.

— Nilikuwa nauliza tu, — alisema Muaz, akarudi kwenye mkaa wake.

Lakini nani alitaka habari za kadi, wakati habari ya baridi imeshawekwa mezani? Ikatokea bahati ya kipekee. Muuza samaki mmoja alikuwa anapita na baiskeli, anatoka soko la Feri, kapu lake limejaa barafu. Salem akamwomba vipande viwili, akavifunga kwenye mfuko wa nailoni, akavipandisha juu ya kompyuta. Tukasubiri. Mstari wa kijani ulikuwa umeshavuka robo ya safari. Kompyuta ikaanza kunuka samaki changu.

— Inakubali hiyo, — alisema Salem. — Sikia inavyonguruma.

— Hiyo ni pikipiki ya mteja huko nyuma, — alisema Wizara. — Toeni hiyo barafu. Mimi nimeshajua. Mnaona hicho kitundu juu ya kioo?

Tukakiona. Kitundu kidogo cha kamera, kinatukodolea.

— Hicho ni jicho. Kinatuona. Hii chaneli ni ya familia, mkataba wake unasema nyumbani, baba, mama na watoto. Sasa kinachungulia hapa kinaona nini? Madume matano na birika. Kinasema hawa si familia, hawa ni banda la video. Kinafunga!

— Wizara, umetunga hilo sasa hivi, — alisema Zahoro.

— Nimelisoma kwenye faili. Lilikuwa na mhuri.

Zahoro alitazama mstari. Nusu. Akafikiria mkwewe anashuka kwenye bajaji, anauliza, na yeye hana hata rangi ya mtandio ya kumtajia. Akafikiria Evelyn atakavyocheka. Mtu akifika hapo, ndugu zangu, hachagui tena ushauri.

— Haya, — alisema. — Familia inakaaje?

— Baba katikati, ambaye ni wewe mwenye nyumba. Mimi mtoto mkubwa. Muaz babu, na huyu wa penye msumari mjomba. Tunahitaji mama.

Sote tukamgeukia Salem.

— Nitazameni vizuri, — alisema Salem. — Nina ndevu.

— Kamera yenyewe ya bei rahisi hiyo, haioni ndevu, — alisema Wizara. — Halafu wewe ndiye mweupe, utatoka vizuri.

Kanga ya Nasreen ilikuwa imeanikwa kwenye kamba kando ya dirisha. Zahoro akaichomoa, akamtanda Salem kichwani, ikashuka mpaka mabegani. Salem akakaa upande, magoti pamoja. Niseme ukweli, alipendeza.

— Mama watoto, sogea karibu, — alisema Wizara.

— Nitakuzaba kofi, mwanangu.

— Tabasamuni! Kinatazama!

Tukatabasamu kuelekea lile tundu. Watu waliokuwa wanapita na mizigo yao walisimama, wakatazama, wakaendelea na safari bila kuuliza. Kariakoo haina muda. Kufuli halikutikisika. Mstari wa kijani ukafika mwisho, jina la kipindi likabadilika, sasa ni kilimo cha vitunguu.

— Kimeisha, — alisema Zahoro kwa sauti ya mtu aliyetoka kuzika.

— Usihofu, — alisema Wizara. — Kwani mapishi yanakuwaje? Amepika, imeiva, wamesifia. Tunamwambia tumeona yote, alikuwa bomba. Nani atabisha?

— Mtasema na nyie?

— Sisi ni familia, baba.

Hata hatujapoa, bajaji ikasimama mbele ya benchi. Akashuka Bi Khairunnisa, baibui jeusi, mkoba kwapani, hatua za mwalimu. Zahoro akaruka wima, akavua kofia, akainamisha macho kama inavyompasa mtu mbele ya mama wa mkewe.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, baba. Hamjambo hapa?

— Hatujambo! — tuliitikia. Salem pia aliitikia, lakini ile kanga alikuwa ameisahau kichwani. Bi Khairunnisa alimtazama kidogo. Akaitazama kanga ya bintiye. Akaamua hilo ni la baadaye.

— Mlitazama?

— Mwanzo mpaka mwisho, mama, — alisema Zahoro. — Hatukupepesa jicho.

— Mpaka majina ya mafundi mwishoni, — alisema Wizara.

— Na sauti safi, bi mkubwa, — alisema Salem. — Neno kwa neno. Kama umekaa nasi hapa.

Hapo ndipo uso wa mama ulipobadilika. Tulitegemea afurahi, akaonekana kama mtu aliyesomewa shitaka. Akasogea karibu, akashusha sauti.

— Basi nijibuni kitu kimoja, wanangu. Siku waliyonirekodi, mkate wa kumimina ulinasa kwenye sufuria. Naupindua, nusu inatoka, nusu inabaki. Nikatamka neno. Si neno la mwalimu wa chuo. Lilinitoka tu, jiko lao lilinitia hasira. Yule wa kamera aliniahidi watalikata. Je, walilikata, au lilitoka?

Kahawa ya Muaz ilijaa kikombeni, ikamwagika kwenye kidole chake, na hakushtuka.

Zahoro akaona milango yote miwili imefungwa. Akisema lilikatwa, na kumbe lilitoka, Jumatatu mama ataingia chuoni kifua mbele, mbele ya watoto arobaini wote wanaolijua lile neno. Akisema lilitoka, na kumbe lilikatwa, mama ataacha ualimu wa miaka thelathini kwa kosa ambalo hakuna aliyelisikia. Wizara alikuwa ghafla anakagua kiatu chake. Salem alijifunika kanga mpaka puani.

Ndipo Zahoro akanyanyua kichwa.

— Mama, nisamehe, — alisema. — Hatukuona kitu. Kompyuta imetufungia tangu saa nne. Hatukuona picha, hatukusikia sauti. Tuliyokwambia yote tumetunga.

Bi Khairunnisa aliweka mkoba wake kwenye benchi. Kisha, jambo ambalo benchi lile halijawahi kuliona, akakaa. Akakaa hapo katikati, akamwomba Muaz kikombe, akanywa kahawa yote bila haraka.

— Kwa hiyo mlikaa hapa tangu kinaanza?

— Tangu kinaanza, mama.

— Mpaka kikaisha?

— Mpaka vitunguu.

— Na hamkusikia neno lolote baya kinywani mwangu?

Zahoro alifikiri kwanza. — Hapana mama. Wallahi hatukusikia.

— Nyote watano?

— Sote.

— Basi, — alisema mama, anarudisha kikombe. — Nina mashahidi watano, na wote wanasema kweli. Mtu yeyote akija Ilala na maneno yake, nitamleta hapa. — Akainuka, akajitengeneza baibui. — Na wewe baba, nenda Kigamboni ukachukue televisheni yako.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na mimi ndiye niliyekuwepo. Ila wewe umenisikiliza vizuri, sitaki ulale na uongo wangu hata mmoja. Kimoja tu nimekitia kwa mkono wangu. Najua unafikiri ni kanga. Kanga ni ya kweli, kamuulize Evelyn, alipiga picha. Nilichotunga ni pale Zahoro aliponyanyua kichwa. Hakunyanyua. Mama alipouliza lile swali, Zahoro aliingia chini ya dirisha kutafuta waya ambao haujakatika, akakaa huko, akawa anaitikia kutokea chini. Aliyesimama mbele ya mama yule akamwambia ukweli wote alikuwa Salem, na kanga yake kichwani.