Gunia Letu, Mkimbiaji wa Mita Elfu Kumi

Ndugu waombolezaji, majirani, wafanyakazi wenza wa marehemu, na ninyi mabinti wa timu mliokaa kule nyuma na suti zenu za mazoezi, mimi ni mjomba wa marehemu, yule mliyezoea kumwona jukwaani akiwavunja mbavu, na leo nimetumwa niwasomee maisha ya mpwa wangu, na dada yangu, mama yake, ameniamuru nisome yote, nisiruke mstari hata nikiona aibu, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Novemba 1995, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa tatu na wa mwisho kwa mama yake, akiwa na kilo nne na gramu mia tatu, na mkunga alipomweka kwenye mizani alisema huyu si mtoto, ni gunia, nami nilikuwa mlangoni na chupa ya chai mkononi, nikalidaka jina hilo, na tangu siku hiyo nyumba nzima ikamwita Gunia, naye akiitika bila kinyongo.

Alianza darasa la kwanza Januari 2003, katika shule iliyo nyuma ya posta, akamaliza mwaka 2009, na katikati ya hapo, tarehe 24 Juni 2008, aliingizwa kwenye mbio za mita elfu tatu kuziba nafasi ya mwenzake aliyeteguka kifundo, akakimbia na sketi ya shule, na kwa kuwa mwalimu wa kupiga kengele ya mzunguko wa mwisho alijisahau akishangilia, kengele haikulia, basi mwenzetu akaupita utepe, akaongeza mzunguko mzima peke yake, na alipoulizwa kwa nini hakusimama alijibu kwamba hakuna mtu aliyemwambia imetosha.

Alisoma sekondari kuanzia 2010 hadi 2013, na tarehe 3 Februari 2014 akaajiriwa na kiwanda cha nguo, idara ya kufunga mashati, ambako asubuhi alikunja kola na mchana alikimbia na timu ya kiwanda, na huko mwalimu wa timu huwapima mabinti uzito kila Jumatatu, aliyeongezeka haandikwi kwenye orodha ya safari, na Gunia aliambiwa mbele ya wenzake kwamba ana mapafu ya farasi ila anabeba abiria.

Hapo ndipo sisi tulipoingia, maana ili Jumatatu isimkute vibaya, alianza kujipima Jumamosi jioni kwenye mizani ya magunia katika duka la nafaka la mama yake, na jambo hilo likageuka sherehe ya familia, mama mdogo akileta viti, wateja wakibaki kutazama, na mimi, ambaye nikiona watu watano tayari nina jukwaa, nikiusoma uzito kwa sauti ya mtangazaji wa ndondi, kila nusu kilo iliyopungua ikipigiwa makofi, nikamvua jina la Gunia, nikamvika la Unyoya, na tarehe 18 Julai 2015 alipokuwa wa pili katika mita elfu kumi kwa dakika 33 na sekunde 41, na mwaka uliofuata alipovaa fulana ya timu ya taifa, tuliona mizani yetu ina baraka.

Kuhusu ndoa, tarehe 20 Oktoba 2018 tulipokea posa ya fundi wa cherehani za kiwandani, kijana mpole, aliyepo hapa, na Desemba ya mwaka huohuo fundi alinivuta kando dukani akaniambia, mjomba, huyu hali, chakula anakifunga kwenye karatasi anakitupa, nami badala ya kumsikiliza nikapaza sauti ili wote wasikie kwamba mkwe wetu ameanza kulinda sufuria kabla hajaoa, watu wakacheka, Gunia akacheka kuliko wote, na fundi hakusema tena, na miongoni mwetu aliyekuja kutuambia imetosha alikuwa ni huyo mmoja tu.

Marehemu hakujaaliwa mtoto, na mama yake anataka mjue kwamba kwa miaka mitatu alikuwa hapati siku zake, akaambiwa na mwalimu kuwa hiyo ni dalili ya mazoezi kukolea, naye akaamini, na mama akaamini.

Ugonjwa ulijitokeza Machi 2017 kwa ufa kwenye mfupa wa mguu wa kushoto, ukafuata ufa wa nyonga Agosti 2018, daktari akasema mifupa hii ni ya bibi kizee, ale na apumzike mwaka mzima, Gunia akarudi uwanjani baada ya wiki sita, na tarehe 27 Aprili 2019 alianguka bafuni akalazwa, na katika mfuko wake wa kliniki yakakutwa mawe mawili ya mizani, la kilo moja na la nusu kilo, ambayo mama alikuwa akimlaumu msaidizi wa duka kwa kuyapoteza, kumbe Gunia alikuwa akiyatia mifukoni kila alipopimwa uzito na daktari.

Alifariki Jumatatu tarehe 6 Mei 2019, saa nne na dakika arobaini asubuhi, moyo uliposimama, akiwa na miaka 23, miezi mitano na siku ishirini na nne, na leo tulipomtoa mochwari, mmoja wa wabebaji, ambaye ni kuli sokoni, aliniuliza chinichini kama tuna hakika ndani ya jeneza yumo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliosema kweli tukawaona wana maneno mengi, majirani waliofunga shughuli zao, wafanyakazi wa idara ya mashati, fundi wetu, ambaye namwomba radhi hadharani, na mwalimu wa timu kwa shada alilotuma.

Hili la mwisho halijaandikwa hapa, mabinti zangu wa kule nyuma, lakini mama mdogo amepita kufagia akakuta mkate tuliowapa na chai asubuhi umefungwa kwenye karatasi chini ya viti vyenu, vifurushi saba, na ninyi mko saba, na keshokutwa ni Jumatatu, nami sina mzaha wa kuwapa, na ninavyowaona mlivyoinamisha vichwa, sidhani kama mnanisikia.

Gunia, mwanangu, kengele tulisahau kuipiga, imetosha sasa, simama, pumzika kwa amani.