Memori ya Kukimbizwa

Umewahi kuona mtu akilazimisha kompyuta iende mbio kuliko ilivyotengenezwa, halafu akaikasirikia memori iliyo ndani yake? Ndivyo Kimeli, mpiga video wa Molo, alivyomlalamikia Parvin, muuza vitambaa aliyeketi naye kwenye basi la Nakuru.

“Mtu wa duka aliniuzia memori ya bei rahisi. Nikiongeza kasi, kompyuta inazima, na video ya harusi inatakiwa kesho.”

“Si urudishe kasi ya kawaida, boss? Utamaliza polepole.”

“Polepole itamaliza keshokutwa. Na joto si shida, naiweka dirishani, baridi ya Molo inaipoza.”

“Ulimwambia wa duka kwamba utaikimbiza hivyo?”

Basi lilisimama stejini, Kimeli akainuka. “Sikumwambia. Lakini mathe, nilitaka tu mtu mmoja aseme wa duka ndiye aliyekosea.”